Sharti Nililolisahau



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu. Mwaka jana nilisafisha programu ya kukokotoa pensheni, niliyoiandika mwenyewe mwaka 1987 kwa lugha ya C.

Kanuni rasmi ya C ilitolewa Marekani mwaka 1989. Kabla yake, kompaila nyingi, yaani programu zinazogeuza maandishi yetu kuwa lugha ya mashine, hazikuelewa orodha ya vitu ambavyo kila sehemu ya programu yapaswa kupewa. Basi niliweka sharti lenye alama ya #: kompaila ikiwa moja kati ya mbili nilizozitaja, orodha isomwe, la sivyo, ifichwe. Kompaila za leo sikuzitaja (ningezijuaje?), kwa hiyo nazo zilifichwa.

Nilipofuta sharti hilo, kompaila iligoma. Sehemu inayodai tarakimu tatu ilikuwa ikipewa mbili. Ya tatu ilikuwa takataka iliyobaki katika kumbukumbu ya mashine. Tulipopitia malipo tuliona baadhi ya wastaafu wamepunjwa. Mmoja wao alinifundisha hesabu katika shule hii. Amekwisha kulipwa baki yake, nami nilikwenda kwake kumwomba radhi.