Ala ya Kisu na Panga: Ishike Kwanza, Itoe Baadaye

Matini ya mazungumzo na wananchi, Chake Chake, Pemba



Suali moja huturejea kila msimu wa karafuu. Mkulima ameuza karafuu zake, anarudi kijijini jua limekwisha kutua, na fedha anazo mfukoni. Hutuuliza: "Ni ala ipi nzuri ya kufichia kisu kiunoni, ili nikikivuta kitoke mara moja?"

Suali hili hatulipuuzi. Mali iliyopatikana kwa kupanda mkarafuu, kuchambua makonyo na kuanika juani siku kadhaa inauma kuipoteza kwa dakika moja. Hata hivyo, wajibu wetu ni kumweleza mnunuzi ukweli wa bidhaa anayoitaka. Na ukweli ni huu: ala iliyotengenezwa kwa kasi tu, mtu wa kwanza kumjeruhi ni mwenyewe.

Tuanze na kazi ya ala. Ala ina kazi tatu, nazo zina daraja. Ya kwanza ni kufunika makali. Ya pili ni kukishika kisu kisitoke bila ya kutakiwa. Ya tatu ni kumwachia mwenye kisu akitoe kwa wepesi anapokihitaji. Muuzaji anayeisifu ala yake kwa hiyo ya tatu peke yake amekuuzia theluthi moja ya bidhaa. Hata Marekani, ambako raia wengi huruhusiwa kubeba bastola, walimu wa silaha hawaanzi na kasi. Huanza kwa kuuliza kama mkoba wa bastola umefunika kifyatulio, na kama unaishika silaha mtu anapokimbia au kuanguka. Kwetu bastola ni jambo la kibali na la polisi, wala si mada yetu leo. Lakini kanuni ni ile ile kwa kisu cha mkulima na panga la mkwezi.

Mfikirieni mkwezi wa minazi. Mkono mmoja umekumbatia mnazi, mwingine unatafuta panga. Huyu ndiye mwenye haja ya kweli ya chombo kinachotoka haraka kwa mkono mmoja, na huyu huyu ndiye ambaye panga likimponyoka litamwangukia aliye chini. Ala inayomfaa mkwezi itamfaa kila mtu. Basi tunakuombeni muipime ala kama mtakaopanda nayo mnazini.

Nendeni dukani na panga lenu wenyewe, kwani mapanga hutofautiana urefu na upana, na ala "ya saizi zote" mara nyingi haina saizi ya yeyote. Kisha fanyeni majaribio haya.

Kwanza, mshiko. Tieni panga alani, kaeni mbali na miguu ya watu, pindueni mdomo wa ala uelekee chini, mtikise mara tatu. Panga likitoka, irudisheni ala kwa muuzaji. Kishikizo cha kufunga mpini ni kizuri, mradi dole gumba la mkono ule ule unaovuta liweze kukifungua.

Pili, mkono mmoja. Vaeni ala kwenye mkanda, mvute polepole. Ikiwa ala inapanda juu pamoja na panga, kitanzi chake ni kipana mno au ala ni nyepesi mno. Kisha rudisheni panga mkitazama. Watu wengi huogopa kujikata wakati wa kuvuta, wakasahau kuwa kurudisha ndiko kwenye hatari zaidi, hasa pale mkono wa pili unapoushika mdomo wa ala. Mdomo mgumu usiojikunja huruhusu kurudisha bila ya msaada wa mkono huo.

Tatu, mshono. Tazameni upande unaokaa makali. Ala ya ngozi iliyo nzuri huwa na ukanda mwengine wa ngozi uliowekwa kati ya pande mbili, ili makali yaguse ukanda huo na si uzi. Pasipokuwa na ukanda, kila mvuto hukata nyuzi kidogo kidogo, na siku moja makali yatatokeza ubavuni bila ya taarifa. Ribiti kwenye mdomo na kwenye ncha huongeza uimara.

Nne, ncha. Iwe imefungwa na iwe ngumu. Mtu akiketi au akianguka, ncha ndiyo inayotafuta mwili. Kitundu kidogo cha kutolea maji hapo chini si kasoro, bali ni faida katika mvua zetu za masika.

Kuhusu malighafi, ngozi hushika vizuri na haina kelele, lakini hunywa jasho na unyevu wa bahari. Panga likilala ndani yake usiku kucha, huamka na kutu. Lifuteni, mlipake mafuta kidogo, mlihifadhi nje ya ala pahala pasipofikiwa na watoto. Plastiki ngumu haishiki maji na husafishika kwa urahisi, ila hupasuka ikiachwa juani muda mrefu. Turubai ni nafuu, lakini makali huitoboa upesi. Wapo wanaotumia bomba la plastiki lililopashwa moto na kubanwa likawa bapa. Kwa kulifungia panga safarini linasaidia, maadamu ncha imezibwa. Kwa kuvaa kiunoni, lipimwe kwa majaribio yale yale. Karatasi ngumu na mpira wa baiskeli si ala. Ni vifungashio tu.

Pa kuivaa je? Ubavuni, nyuma kidogo ya mfupa wa nyonga. Si mbele ya tumbo, penye mishipa mikubwa ya kinena, wala si katikati ya mgongo, penye uti. Mtu anayepanda miti hana dhamana ya kutoanguka.

Sasa turudi kwa mkulima wetu na fedha zake. Akitimiza yote haya, je, tumshauri akifiche kisu chini ya shati? Hapana, nasi tunamwambia sababu zake.

Kisu cha kazi hakina kinga baina ya mpini na makali. Kikigonga kitu kigumu, mkono wenye jasho huteleza ukashika makali. Nguo iliyofunika ala hunasa mpini, na kasi aliyoinunua ikapotea hapo hapo. Aliyevamiwa gizani hana nafasi ya kutosha, na kisu kilichotolewa kwa hofu chaweza kunyang'anywa. Tena, panga lililovaliwa wazi shambani ni zana, na kila mtu huliona hivyo. Kisu kilichofichwa mjini usiku kina maelezo mengine mbele ya polisi, na mwenye shaka awaulize wao kabla ya kununua. Wazee wetu walivaa jambia mbele ya tumbo, kama bwana harusi avaavyo hadi leo, ikaonekana na kila mtu. Ilikuwa pambo la heshima, wala haikufichwa.

Fedha hulindwa vyema zaidi kwa kutozibeba. Ulizeni mapema kama malipo yaweza kupitia benki au simu. Mkilipwa taslimu, rudini mchana, watu wawili au watatu, na msitangaze barazani siku ya kuuza. Tochi nzuri huonesha njia, na kurunzi haimkati mwenyewe. Mkivamiwa, fedha ziachwe. Msimu mwengine utakuja.

Mwisho, haki zenu. Daini risiti kila mnunuapo. Sheria ya mwaka 2018 ya ushindani halali wa biashara na kumlinda mtumiaji ipo kwa ajili yenu. Muuzaji akikupeni ala iliyopasuka mshono kwa wiki moja, akakataa kusikiliza, chukueni risiti na ala yenyewe mwende Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar. Msiitupe ala mbovu kwa hasira, kwani ndiyo ushahidi wenu.

Ndugu zetu, panga ni rafiki wa shamba. Tulichokiomba leo ni lirudi nyumbani likiwa limefunikwa, na aliyelibeba arudi akiwa mzima.