Sufuri Moja Yaweza Kukunyima Pesa

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia)

Leo sitaongea juu ya mbuzi wala mkopo. Nataka tuongee juu ya penseli ya mtoto.

Majuzi nilimtembelea nyanya mmoja anayeuza maziwa. Wiki hiyo alikuwa amepeleka lita 27, kila lita shilingi 45. Mjukuu wake wa Gredi ya 5 akafanya hesabu kwenye daftari, akapata shilingi 243. Nyanya akaniuliza, "Mwanangu, hiyo ndiyo pesa yangu yote?" Kijana akainamisha kichwa.

Kosa lilikuwa wapi? Alizidisha 27 kwa 5 akapata 135. Hapo sawa. Kisha akazidisha 27 kwa 4 akapata 108, akajumlisha. Lakini jamani, ile 4 ya kwenye 45 si nne, ni arobaini! 27 mara 40 ni 1,080. Jumlisha na 135, unapata 1,215. Sufuri moja iliyosahaulika ingempotezea nyanya shilingi 972.

Mimi siwezi kumcheka yule kijana. Nikiwa darasa la nne nilichapwa kwa kosa hilo hilo. Niliambiwa "weka sufuri hapo", sikuambiwa kwa nini. Fimbo ilinifundisha kuficha daftari, haikunifundisha kuzidisha. Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Basi tusivitumie nyumbani mtoto anapokosea hesabu.

Tufanye hivi. Chukua kijiti, mchoree mtoto shamba mchangani.

Kwanza, chora mstatili. Upande mmoja ni 27, upande wa pili ni 45.

Pili, gawa upande wa 27 uwe 20 na 7. Gawa ule wa 45 uwe 40 na 5. Sasa shamba lina vipande vinne.

Tatu, zidisha kipande kimoja kimoja:
20 × 40 = 800
7 × 40 = 280
20 × 5 = 100
7 × 5 = 35

Nne, jumlisha vyote. Jibu ni 1,215.

Sasa muonyeshe: 100 na 35 ni 135, ule mstari wa kwanza wa daftari. 800 na 280 ni 1,080, ule mstari wa pili. Hapo ataona sufuri inatoka wapi. Akishaelewa, arudi kwa njia fupi ya shuleni.

Jambo lingine, akisie kabla ya kuandika. 20 mara 40 ni 800. 30 mara 50 ni 1,500. Jibu lazima liwe katikati. Mtu akileta 243, hata asiyejua kuandika atasema, "Hapana, rudia."

Najua kuna atakayesema, "Si simu ina kalkuleta?" Ni kweli. Lakini simu huisha chaji, na mara nyingi inayotumika sokoni ni ya mnunuzi. Tena ukibonyeza vibaya, simu haikuulizi kitu, inakupa jibu baya upesi.

Siku ile tulichora shamba letu pale uani na yule kijana. Mara ya kwanza alikosea kujumlisha, ya pili akapata. Akaandika 1,215 kwenye karatasi, nyanya akaikunja akaifunga kwenye pembe ya leso. Alienda kulipwa akijua anachodai.

Basi kazi yetu ni hii. Mkutano ujao, kila kikundi kije na mtoto mmoja na hesabu moja ya kweli kutoka kwenye daftari la kikundi. Aifanye mbele yetu, kwa mkono. Akikosea, tusimcheke. Tumpe kijiti, achore shamba tena.