Bunga, TVA na bei ya soko
(Maneno yaliyosemwa mu mkutano wa wanamemba, Kolwezi)



Mama moja aliuliza: kama serikali inaondoa kodi ju ya chakula, mbona sisi tunalipa bei ile ile? Ulizo ya muzuri, na inatugusa, ju kila jamaa inayorudi tunaipatia bunga ya kuanzia maisha.

Sheria ya TVA ni ya 2010. Ilianza kulipishwa tarehe 1 Januari 2012, kwa 16%. Kuna wanaosema ni kodi ya haki, kila mtu analipa sawa. Hapana. Baba anayepata franga 300,000 kwa mwezi, kama chakula chake ni cha 200,000, hiyo 16% ni 32,000: zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mapato yake. Bosi wa 3,000,000 akila cha 400,000 atatoa 64,000, na kwake ni kama 2 tu kwa 100. Ndiyo maana naunga mkono bunga, chumvi, sabuni na dawa visilipishwe. Najua bosi naye atanunua bila kodi. Acha anunue, tumbo lake ni moja kama letu.

Mwaka 2024 serikali ya Kenya ilitaka kuweka 16% ju ya mkate. Watu wakakataa, na mu mwezi wa 6 ikaondolewa mbele wabunge hawajapiga kura.

Kwetu pia serikali ilipunguza: 2020 wakati wa Covid, tena 2024 kwa vyakula kadhaa vya kutoka inje. Lakini duka linalouzisha chini ya franga milioni 80 kwa mwaka halikusanyi TVA. Bamama wa soko hawana TVA ya kukuondolea! Kodi imekwisha kuingia mu bei kabla mufuko haujafika kwao: Kasumbalesa kuko DGDA na OCC, kisha Lubumbashi, Likasi, peaje, na karibu kilomita 400 za mafuta ya kamiyo. Pale katikati, takse ndogo zisizo na risiti, kila mtu anazijua.

Kuko na jambo lingine watu hawaangalie. Mwenye kinu akiambiwa bunga yake haina TVA, mara nyingi harudishiwe TVA aliyolipa ju ya mifuko na vipuri. Anaificha mu bei. Kwa hiyo tuombe kiwango cha 0%, ambapo anarudishiwa, kuliko kusamehewa tu. Na takse za njiani zibandikwe kwenye ubao, na kiasi chake, ili dereva ajue ya kweli na ya kubuniwa.

Sisi wenyewe, komite inunue pamoja kwa muuzaji mukubwa mwenye kutoa fakitire. Hapo ndipo kodi ikishuka tutaiona kwa macho.

Kwa wafadhili wetu, ombi moja. Msaada wa jamaa zinazorudi unahesabiwa kwa franga, na bei ikipanda ni jamaa ndiyo inapunguziwa. Tunaomba uhesabiwe kwa mifuko: kila jamaa idadi yake ya mifuko, hata kama Kasumbalesa imefungwa wiki nzima. Komite italeta fakitire kila mwezi.