Kata ya Pombe: Kuichagua na Kuitunza

Katika nchi ya Ufipa ulezi ni chakula, na pia ni pombe. Wazungu hunywa divai yao katika bilauri nyembamba za kioo. Wazee wetu walinywa pombe katika kata ya kibuyu. Leo nitasema habari za kata hiyo, maana kata mbaya huweza kumdhuru mgeni.

Kwanza, usichume kibuyu kibichi, kwani husinyaa na kuoza. Kiache mpaka kikonyo kikauke; ukikitikisa, mbegu zitalia ndani. Kisha kipasue kwa msumeno mwembamba, ukikwangue vizuri, ukiloweke siku kadha, ukibadilisha maji kila siku. Mwisho tia maji safi, yalale humo usiku kucha. Asubuhi onja tone moja, uliteme. Yakiwa machungu, usikitumie kamwe: uchungu huo ni sumu, nao huleta kutapika na kuhara.

Baada ya kunywa, usiiache kata na machicha ndani. Isugue kwa maji ya moto, uianike juani, kisha uitundike penye hewa. Wakati wa mvua ukungu huishika upesi. Kata yenye ufa itupe, maana uchafu hujificha ufani. Tena yafaa kila mtu awe na kata yake. Kata moja ikizunguka midomo mingi, maradhi huzunguka nayo.

Basi, kumbukeni: mgeni huitazama kata kabla ya kuionja pombe.