Anayebaki: Kufundisha Uandishi wa Habari Ugenini



Mada ya jioni hii imetoka kwa wanafunzi. Vijana wetu kadhaa wanaomaliza shahada ya uandishi wa habari wameandika andiko la kuomba ufadhili. Wanataka kwenda Gambia, nchi iliyotoka kwenye udikteta mwaka 2017, wakawafundishe waandishi chipukizi kwa wiki sita. Andiko lina nauli, malazi, bima ya afya, vinasa sauti, na fulana zenye nembo ya mradi. Lina ratiba ya vipindi: muundo wa habari, mahojiano, kupiga picha kwa simu, maadili ya kazi. Wameniomba niliunge mkono, na ninaliunga mkono. Kijana anayetaka kugawana na wenzake ujuzi alioupata kwa kodi ya wananchi hastahili kukatishwa tamaa. Lakini andiko halikujiuliza swali moja, nami nataka tulijadili hadharani kabla fedha hazijatafutwa. Wiki sita zikiisha na mwalimu akapanda ndege, yule aliyemfundisha anabaki na nini mikononi?

Nauliza kwa sababu sisi wenyewe tuliwahi kukaa upande wa pili wa darasa. Mwaka 1963, nchi zetu zikiwa changa, taasisi ya kimataifa ya wahariri, IPI, ilianzisha Nairobi mafunzo ya waandishi wa habari wa Kiafrika kwa fedha za Ford Foundation. Aliyeyaongoza ni Mwingereza Tom Hopkinson, aliyekuwa amehariri Picture Post huko London na Drum huko Afrika Kusini. Miaka hiyohiyo Ujerumani Mashariki nayo ilikuwa na shule yake Berlin iliyopokea waandishi kutoka Afrika, Tanzania ikiwemo. Kila upande wa Vita Baridi ulitaka kutufundisha gazeti ni nini, na wote wawili walitupa ujuzi wa kweli pamoja na itikadi zao. Waliofundishwa walirudi nyumbani wakakuta serikali yenye fikra zake kuhusu gazeti, na hapo mwalimu hakuwapo tena.

Kuna pia mfano wa Dar es Salaam ambao wengi wenu mnaujua. Februari 1970 Mwalimu Nyerere alipolitaifisha gazeti la The Standard, alimkabidhi uhariri Frene Ginwala, mwanamke wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni. Mwaka uliofuata, baada ya tahariri iliyoikosoa vikali Serikali ya Sudan, aliondolewa. Ginwala aliendelea na safari yake, na mwaka 1994 akawa Spika wa Bunge la Afrika Kusini huru. Vijana wa Kitanzania waliokuwa katika chumba kile cha habari hawakuwa na pa kwenda. Ndio walioingia Daily News, gazeti lililochukua nafasi ya The Standard mwaka 1972, na kuendelea kuandika huku wakipima kila siku nini kinaandikika.

Sasa twende Gambia kwenyewe, kwa kuwa andiko la vijana wetu linaizungumzia nchi ile kana kwamba uandishi wa habari unaanza huko mwaka 2017. Tangu uhuru wa mwaka 1965 Gambia ilikuwa miongoni mwa nchi chache za Afrika zilizodumu na vyama vingi. Mwaka 1990 alifika Mliberia, Kenneth Best. Huyu alikuwa amefanya kazi Nairobi miaka ya 70, katika idara ya habari ya Baraza la Makanisa ya Afrika Yote, kisha akaanzisha Daily Observer nyumbani kwao Monrovia mwaka 1981. Gazeti lile lilifungwa mara kwa mara na utawala wa Samuel Doe, na vita vikalisimamisha. Best akakimbilia Banjul na mwaka 1992 akaanzisha Daily Observer ya pili, gazeti la kwanza la kila siku nchini Gambia. Chumba chake cha habari kilikuwa chuo. Vijana waliokuwa hawajawahi kuandika habari walijifunza humo kwa kutumwa mahakamani na bungeni asubuhi, na kurudishiwa karatasi zao jioni zikiwa zimejaa wino wa mhariri.

Julai 1994 Luteni Yahya Jammeh akapindua serikali. Oktoba, Best akafukuzwa nchini. Gazeti lake lilikuja kuuzwa mwaka 1999 kwa mfanyabiashara aliyekuwa karibu na Jammeh, likageuka msemaji wa ikulu. Lakini waliojifunza kwake walisambaa katika magazeti mengine, na hilo Jammeh hakuweza kulinunua. Nawaomba wanafunzi wangu walitazame jambo hili kwa makini. Best hakwenda kwa mradi. Alihamia, akaajiri, akalipa mishahara, akaishi na matokeo ya alichokichapa hadi siku alipotolewa.

Na waliobaki? Deyda Hydara alikuwa mwanzilishi mwenza wa gazeti la The Point, lililozaliwa tarehe 16 Desemba 1991. Tarehe 14 Desemba 2004 Bunge lilipitisha sheria zilizorudisha kifungo kwa makosa ya uandishi na kupandisha dhamana ya kusajili gazeti hadi dalasi 500,000. Hydara alizipinga waziwazi. Usiku wa tarehe 16, baada ya sherehe ya gazeti kutimiza miaka 13, alikuwa akiwapeleka nyumbani wafanyakazi wenzake wawili kwa gari lake. Alipigwa risasi akafa, na wale wanawake wawili wakajeruhiwa.

Haki ilichukua muda mrefu, na namna ilivyopatikana inatuhusu sana sisi tunaofundisha. Mmoja wa madereva wa kikosi cha mauaji cha Jammeh, Bai Lowe, alikimbilia ughaibuni na kueleza kwenye redio ya Wagambia walio uhamishoni mambo aliyoyashuhudia. Mahojiano yale yalihifadhiwa. Mwaka 2019 mwanajeshi mwingine wa kikosi hicho alikiri kushiriki mauaji ya Hydara mbele ya Tume ya Ukweli ya Gambia, vikao vikirushwa moja kwa moja nchi nzima. Tarehe 30 Novemba 2023 mahakama ya Celle, Ujerumani, ikamhukumu Lowe kifungo cha maisha, na maneno yake mwenyewe ya redioni yakiwa sehemu ya ushahidi. Hayo yote yaliwezekana kwa kuwa mtu aliuliza maswali, akarekodi, akatunza rekodi yenye tarehe. Katika ratiba ya vijana wetu sikuona kipindi hata kimoja kuhusu kutunza kumbukumbu. Kuna vipindi vinne vya picha za simu.

Na kwa kuwa tumeitaja simu, Alhagie Abdoulie Ceesay, meneja wa redio Teranga FM, alikamatwa Julai 2015 na kushtakiwa kwa uchochezi. Ushahidi ulikuwa picha ndani ya simu, picha ya Jammeh akielekezewa bunduki. Aliugua kizuizini, akapelekwa hospitali, na mwaka 2016 akatoroka kutoka huko hadi Senegal. Kijana wa leo anabeba simu yenye majina ya vyanzo vyake, jumbe zao, sauti zao na picha za kila aina, kisha anaingia nayo kituo cha polisi. Mwalimu mgeni akimfundisha kupiga picha nzuri bila kumfundisha nini asikiweke katika simu, amempa nusu ya somo, na nusu iliyobaki ndiyo inayoweza kumfunga.

Kwa nini Teranga FM iliandamwa na kufungiwa mara kadhaa? Hapa ndipo naona vijana wetu wana zawadi ambayo wenyewe hawaioni. Magazeti ya Gambia huandikwa kwa Kiingereza. Watu sokoni Serrekunda na mashambani kando ya mto huzungumza Kimandinka, Kiwolofu, Kifula, Kijola. Miaka ya 90 Baboucarr Gaye, aliyekuwa pia miongoni mwa waanzilishi wa The Point, alianzisha Citizen FM na kuanza kuwasomea watu magazeti kwa Kiwolofu na Kimandinka. Teranga ilifanya vivyo hivyo baadaye. Serikali iliyovumilia habari ileile ikiwa imechapwa kwa Kiingereza haikuivumilia ilipomfikia muuza samaki. Citizen FM ilifungwa mwaka 1998, ikafungwa tena 2001.

Sisi tumekulia katika usomaji wa magazeti redioni asubuhi, chai ikiwa mezani. Tuna waandishi wanaoipokea ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) yenye mamia ya kurasa za lugha ya wahasibu, na jioni hiyohiyo wanaieleza kwa Kiswahili ambacho bibi yangu angekifuata bila kuuliza. Huo ni ustadi mkubwa. Una mbinu zake za kupanga takwimu, kurudia jina kabla msikilizaji hajalisahau, kutenga maneno ya mkaguzi na maoni ya mtangazaji. Wazungu waliotufundisha Nairobi na Berlin hawakuwa nao, kwa sababu haukuwa tatizo lao. Mwanafunzi wetu anayeujua anaweza kukaa na mtangazaji wa Kimandinka wakafanya kazi pamoja, huyu akileta mbinu na yule akileta lugha. Muundo wa habari Wagambia wanao. Waliupata kwa Best na kwingineko. Chama chao cha waandishi, Gambia Press Union, kipo tangu 1978, na kiliendesha mafunzo hata Jammeh akiwa madarakani. Kwa hiyo chama hicho kiulizwe kwanza kinataka nini, kabla hatujakata tiketi.

Nao wanaodhani hatari imekwisha wakumbuke kwamba Januari 2020, chini ya serikali mpya, polisi walizifunga King FM na Home Digital FM wakati wa maandamano, na waliokamatwa ni pamoja na wamiliki na mameneja. Mwaka 2024 mhariri na mwandishi wa gazeti la The Voice walikamatwa kwa habari kuhusu mrithi wa Rais Adama Barrow. Mahakama ya ECOWAS ilikwisha kutamka mwaka 2018 kwamba sheria za Gambia za uchochezi, habari za uongo na kashfa ya jinai zinakiuka haki. Mahakama ya Afrika, iliyopo hapa Arusha, ilisema mwaka 2014 katika shauri la Lohé Issa Konaté wa Burkina Faso kwamba mwandishi hapaswi kufungwa jela kwa kashfa. Mwanafunzi wa Gambia anayezijua hukumu hizi, na anayejua wakili wa kumpigia usiku, anabaki na kitu mikononi.

Kwa hiyo nimewarudishia vijana andiko lao na maombi yangu. Muda uwe muhula mzima, na Chuo kiuhesabu kama sehemu ya shahada ili mzazi asilipe ada mara mbili. Fulana zitoke, fedha zake ziende kwa mwanasheria wa Gambia atakayefundisha vipindi vya sheria kwa malipo halali. Na katika bajeti iingie nauli ya wakufunzi wawili wa Kigambia kuja kufundisha hapa. Wagambia hawajaanza leo kufanya kazi kwetu. Hassan Bubacar Jallow alikuwa Mwendesha Mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda jijini Arusha kuanzia 2003, na mwaka 2017 akarudi kwao kuwa Jaji Mkuu. Mwanasheria Fatou Bensouda naye alipitia mahakama hiyohiyo. Wakufunzi wawili tutakaowaleta wana mengi ya kutuambia kuhusu kuandika chini ya utawala usiotaka kuandikwa, na wanafunzi wetu wanayahitaji.

Wahariri na wamiliki wa vyombo vya habari mlio hapa, gharama ya wakufunzi hao naiomba kwenu. Karatasi ya ahadi ipo mezani karibu na mlango, na wanafunzi wenyewe wamesimama hapo kujibu maswali yenu.