"Nzuri, Ila Tu...": Habari na Utani Katika Kikundi cha Watumiaji wa Python

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya walimu na waandishi wa programu, Kolo, Wilaya ya Kondoa

Mwenyekiti wa semina, walimu wangu, ndugu washiriki: shikamooni wakubwa, na kwa rika langu, habari za asubuhi?

Mmejibu "nzuri" ukumbi mzima. Humu ndani yumo aliyeamka saa tisa usiku kuwahi basi la Kondoa, na yumo aliyemwacha mtoto ana homa, na wote wamejibu nzuri. Ndivyo tulivyolelewa. Kwanza nzuri, halafu chai ikishamiminwa ndipo mtu anasema "ila tu..." Habari yenyewe inakaa nyuma ya hiyo "ila". Nimekuja kueleza jinsi "ila" hiyo inavyochelewa kutoka katika kikundi cha watu wanaojifunza lugha ya programu, na jinsi utani unavyoivuta itoke mapema.

Kikundi chetu hukutana Dodoma mjini siku za Jumamosi. Wengi ni wanafunzi wa chuo, wachache ni walimu wa sekondari, na wapo wawili watatu walioajiriwa. Lugha yetu ni Python. Miezi ya mwanzo tulifungua kikao kwa kumwuliza kila mmoja habari za kazi yake, na kila mmoja alijibu kwamba inaendelea vizuri. Tulikuwa tunasalimiana tu, tukidhani tunapashana habari.

Kijana mmoja alikuwa akiandika programu ya kuandikisha wagonjwa wa zahanati. Wiki tatu mfululizo alisema nzuri. Wiki ya nne mwenzake, aliyeketi kando yake na kuona kompyuta yake, akapaza sauti: "Jamani, huyu amewanyima watu wa Ng'hong'honha matibabu kwa sababu ya ritifaa!" Watu wakacheka, yule kijana naye akacheka, kisha akasema yote. Wagonjwa wa Makole waliingia. Wa Nkuhungu waliingia. Akiandika kata ya Ng'hong'honha, programu inaanguka. Kwa wiki tatu alikuwa akiliandika jina hilo bila ritifaa, kimyakimya, ili mambo yaende.

Wenyeji wa Dodoma wanaijua kata hiyo. Jina lake la Kigogo lina ritifaa mbili. Sasa katika SQL, lugha ya kuongea na hifadhidata, maandishi hufungwa kati ya alama mbili, na alama yenyewe ni ileile tunayoibonyeza kuandika ritifaa. Kijana alikuwa ameunganisha amri yake na jina la kata kama mtu anayefunga kamba mbili. Hifadhidata ilisoma "Ng", ikakuta alama, ikaona maandishi yamekwisha hapo. Herufi zilizofuata ikazichukua kuwa amri, na amri ya namna hiyo haipo. Dawa yake ni fupi: usiunganishe. Acha nafasi ndani ya amri, kwa mfano alama ya kuuliza, kisha ikabidhi hifadhidata jina lenyewe kando, ilipokee lilivyo na ritifaa zake.

Jambo hili ni zito kuliko linavyosikika, kwa kuwa tundu lililoiangusha Ng'hong'honha ndilo tundu analopitia mwizi. Mtu akiandika amri ya kufuta jedwali mahali pa jina lake, programu ya namna ile inaweza kuitekeleza. Mwaka 2007 mchoraji wa Marekani, Randall Munroe, alichora katuni kuhusu mama aliyempa mwanawe jina lenye amri kama hiyo, na shule ikapoteza kumbukumbu za wanafunzi. Waandishi wa programu duniani kote wanaijua, na ni katuni nzuri. Lakini nimeifundisha kwa vijana wetu na nikaona wakitabasamu kwa adabu tu. Ya Ng'hong'honha hakuna aliyeisahau. Hadi leo mtu akionyesha programu yake, kabla hajamaliza sentensi, atasikia sauti kutoka nyuma: "Umeipeleka Ng'hong'honha?" Hilo ndilo jaribio letu la kwanza, na limeziokoa programu nyingi kuliko mhadhara wowote nilioutoa mimi.

Kwa nini utani ulifungua mdomo ambao swali la heshima halikuufungua? Nadhani jibu tunalo katika mila zetu wenyewe. Mgogo na Mhehe ni watani. Msiba ukitokea, mtani anafika msibani na kusema yale ambayo ndugu wa marehemu hawathubutu kuyasema. Anaigiza namna marehemu alivyotembea, anadai alipwe ndipo mwili utoke, na wafiwa wanacheka machozi yakiwatoka. Hakuna anayekasirika. Lakini tukumbuke jambo ambalo vijana wa mjini wanaanza kulisahau: mtani yuleyule ndiye anayeshika jembe kaburini na kuchota maji jikoni. Ruhusa ya kucheka anaipata kwa kazi anayoifanya.

Tukaifanya kuwa sheria ya kikundi. Anayecheka kosa la mwenzake anavuta kiti, anakaa naye mpaka kosa liishe. Yule aliyepaza sauti kuhusu Ng'hong'honha alikaa mpaka magharibi. Tangu tuweke sheria hii, watu hucheka kwa kuchagua, na wenye shida wanautafuta utani wenyewe kwa kuwa wanajua unakuja na msaada.

Utani una mipaka pia, na tulijifunza kwa uchungu. Kosa la programu tunaliita mdudu, kama walivyoliita waliotutangulia kwa lugha zao. Siku moja mtu akasema, kwa kuchekesha, kwamba kompyuta ya mwenzetu "imepata mdudu" na asiiguse mtu. Mitaani kwetu neno hilo limewahi kutumika kutaja virusi vya UKIMWI. Kicheko kilikatika, na mwenzetu mmoja akatoka nje. Hatukumfuata kumwuliza, na haikuwa haki yetu kumwuliza. Mzaha huo umekoma. Pia hatumtanii mgeni wa wiki ya kwanza, kwa sababu utani ni wa pande mbili na yeye bado hajui aturudishie nini. Kwa dada zetu, ambao ni wachache kikaoni, nawaomba viongozi wa vikundi wawe macho zaidi. Binti anayechekwa siku ya kwanza na watu ishirini hana njia ya kujua kwamba amekaribishwa.

Sasa habari. Mwalimu mmoja alileta notisi za fotokopi alizopewa na mwenzake. Mfano wa kwanza uliandikwa print bila mabano. Wanafunzi wake waliunakili, kompyuta zikaukataa, na darasa zima likaamini kwamba limeshindwa somo. Kumbe notisi zilikuwa za Python 2, ambayo matunzo yake yalikoma tarehe 1 Januari 2020. Python 3 inataka mabano. Habari hiyo ilikuwa imeenea duniani kwa miaka, na darasa lile halikuipata. Toleo jipya la Python hutoka kila mwaka mwezi Oktoba, kwa hiyo kila Novemba tunatenga kikao kizima kwa swali moja: nini kimebadilika, na notisi za nani zimezeeka? Notisi zilizozeeka zinaletwa, zinatajwa hadharani, na wenyewe wanapigiwa makofi.

Habari nyingine hutufuata mpaka mlangoni. DjangoCon Africa ya kwanza, mkutano wa watumiaji wa Django, ambacho ni chombo cha kujengea tovuti kwa Python, ilifanyika Zanzibar Novemba 2023. Ya pili ilifanyika Arusha Agosti 2025. Atokaye Dodoma kwenda Arusha anapita hapahapa Kolo, kwa barabara ya lami ya kilomita 251 kutoka Dodoma hadi Babati iliyozinduliwa 2018. Basi letu lilipopita, mzaliwa wa Kondoa alituonyesha vilima vyenye michoro ya miambani. Alikiri kwamba habari za michoro hiyo alizisoma kwanza katika kitabu cha Kiingereza. Mary Leakey aliichunguza 1951 na kitabu chake kikatoka 1983, na mwaka 2006 ikaingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Wazee wake yeye walikuwa wakipanda huko kwa matambiko siku zote hizo. Safari nzima tuliongea kuhusu hilo. Nani anampa mtoto wa Kolo habari za Kolo?

Swali hilo nalileta kwenye lugha yenyewe. Python haikuitwa kwa jina la chatu. Guido van Rossum, aliyeitoa 1991, aliichukua kutoka kwa Monty Python, wachekeshaji wa runinga ya Uingereza. Ndiyo maana mifano ya vitabuni imejaa spam na eggs, nyama ya kopo na mayai kutoka katika mchezo wao mmoja. Nimemwona mwanafunzi hodari akitafuta maana ya spam kwa saa nzima akidhani ni amri. Utani wa wengine ulimfungia mlango. Sisi tunafundisha kwa ugali na mlenda, na hakuna aliyewahi kudhani mlenda ni amri.

Utani wa nyumbani unabeba pia elimu isiyo kwenye kitabu chochote cha nje. Mama wa mwanachama mmoja aliwaambia majirani kwamba mwanawe amepata kazi mamlaka ya mapato, kwa kuwa kila usiku "anaandika kodi", neno tulilolitoa kwenye code ya Kiingereza. Tangu hapo darasani tunasema msimbo. Mwingine aliandika programu ya kuwakumbusha wanachama wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, kikao cha saa mbili asubuhi. Mweka hazina akajaza 2, na simu zikalia saa nane usiku. Simu ikilia saa hiyo kwetu ni msiba, na akina mama waliamka wakitetemeka. Tangu toleo la 3.9 Python ina moduli ya kanda za saa. Ukiitajia Africa/Dar_es_Salaam inakupa saa sahihi, lakini haijui kwamba siku yetu inaanza jua linapochomoza. Lazima programu iulize: asubuhi, mchana, jioni au usiku? Ikijibiwa saa mbili asubuhi, iongeze sita, inakuwa 8.

Haya yote tunayaandika katika daftari moja la karatasi ngumu, tunaloliita Daftari la Ila. Kila ukurasa una kosa, mzaha uliolifichua, dawa yake, na jina la aliyevuta kiti kusaidia. Nimelileta, liko mezani kwa mwenyekiti, na nawaomba kila wilaya ianzishe la kwake kwa majina ya vijiji vyake.

Baada ya chakula tutawaandikisha washiriki wote kwa programu iliyoandikwa na kijana niliyemsimulia. Kama yupo humu atokaye Ng'hong'honha, tafadhali asogee mbele, yeye ndiye wa kwanza.