Picha ya PET: Sukari Inayofichua Saratani

Daktari akikuandikia picha ya PET, usikate tamaa. Huenda anataka tu kujua saratani imefika wapi, au kama dawa zinafanya kazi.

Utadungwa sukari yenye mnururisho kidogo. Saratani nyingi hupenda sukari, basi huifyonza na kung'aa pichani. Hata kifua kikuu hung'aa, kwa hiyo majibu husomwa pamoja na vipimo vingine.

Mnururisho wa sukari hiyo hupungua nusu kila dakika 110, ndiyo maana haiwezi kutengenezwa mbali sana na mashine ya picha. Hospitali ya Aga Khan, Nairobi, ilianza huduma ya PET 2018.

Kwa muda wa saa 6 kabla ya picha, mahamri na chai weka kando. Maji matupu ruhusa. Mwenye kisukari, tafadhali mwambie daktari mapema: sukari ya damu ikipanda, picha hufifia.